Sayansi ndani ya sinema na habari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaojua kwamba natazama filamu daftari likiwa mapajani, nikiandika makosa yake ya kisayansi, hawaachi kuniuliza maswali haya. Mengine huulizwa kwa udadisi, mengine kwa uchungu wa mtu aliyeguswa filamu anayoipenda. Nimeanza na ya msingi. Yale yenye utata yako mwishoni. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nitakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya msingi

Filamu ni hadithi ya kubuni. Kwa nini usituache tufurahie?

Furahini, nami nafurahia. Msimulizi ana haki ya kutia chumvi. Sungura huongea katika ngano na hakuna anayedai ushahidi.

Mimi hujiuliza mambo mawili tu. La kwanza: je, filamu inatii sheria ilizojiwekea yenyewe? Ikisema mwanzoni kwamba mashine yake hufanya kazi usiku tu, isije ikawaka mchana kwa sababu mwandishi amekwama. La pili ni zito zaidi: je, kosa hili litatoka na mtazamaji na kumfuata hadi nyumbani? Chombo kinachoupita mwendo wa nuru hakimdhuru mtu. Lakini aliyejifunza kwenye tamthilia namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, kesho anaweza kujikuta amepiga magoti mbele ya baba yake, akafanya kile alichokiona kwenye skrini. Hapo ndipo mimi hubonyeza kitufe cha kusimamisha.

Ulianzaje kuyaona mambo haya?

Kwa ngurumo. Nilikuwa mtoto, mvua inanyesha nje, na kwenye televisheni kulikuwa na filamu ya kutisha iliyokuwa na mvua pia. Ndani ya filamu radi ilimulika dirisha na ngurumo ikapiga papo hapo, kila mara. Kwenye dirisha letu mwanga ulikuja kwanza, kisha kimya, na nilipofika sita katika kuhesabu ndipo mabati yakatetemeka.

Nilidhani televisheni yetu ni mbovu. Baadaye nikajifunza kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, wakati mwanga hufika kwetu karibu papo kwa papo. Kwa hiyo kila sekunde tatu za kusubiri ni takriban kilomita moja. Radi yangu ilikuwa umbali wa kilomita mbili. Radi ya filamu ilikuwa imepiga ndani ya chumba chenyewe, na mwigizaji alitakiwa awe amekufa.

Kosa la kisayansi huifanya filamu kuwa mbaya?

Hapana. Nazijua filamu zenye fizikia safi zinazochosha, na zenye fizikia ya ovyo ambazo nimezitazama mara nne.

## Angani

Ni kweli milipuko ya angani haina sauti?

Ni kweli. Sauti ni mtikisiko unaopokezanwa na chembe za hewa, maji au kitu kigumu. Baina ya sayari chembe ni chache mno, hakuna wa kumpokeza mwenzake. Anayeelea nje ya chombo angeuona mlipuko kama taa inayowashwa na kuzimwa. Angesikia pumzi yake mwenyewe ndani ya kofia, na kama kipande cha chuma kingemgonga, angesikia mgongano huo kupitia suti. Waongozaji wachache waliothubutu kuacha kimya hicho wamepata kitu cha kuogofya kuliko kishindo chochote.

Mtu akitoka nje ya chombo bila suti, hulipuka?

Halipuki. Ngozi ya binadamu ni imara na hushikilia kilichomo ndani, ingawa mwili huvimba. Kinachoua ni kukosa oksijeni, na huanza kwa kupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10 hadi 15.

Tunalijua hili kwa sababu lilimtokea mtu. Mwaka 1966, katika chumba cha ombwe cha NASA, yaani chumba kilichoondolewa hewa, bomba la hewa lilichomoka kwenye suti ya fundi aliyekuwa akiijaribu. Alisimama kidogo, kisha akaanguka kinyumenyume. Alikuwa amepoteza fahamu baada ya sekunde kama 14. Hewa ikarudishwa haraka, akapona. Alichokumbuka mwishoni ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Hayakuchemka kwa joto. Maji hubaki maji kwa sababu hewa inayakandamiza. Ukiondoa mkandamizo huo, hugeuka mvuke hata yakiwa na joto la mwili tu. Sijawahi kuiona filamu iliyotumia mate yale, na kwangu yanashinda macho yote yaliyotumbuliwa kwenye skrini.

Wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya mvutano?

Hili huwashangaza watu wazima kuliko watoto. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na hapo mvutano wa dunia bado ni takriban 90% ya huu unaotushika hapa chini. Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao, wakiwa na mwendo mkubwa wa kwenda mbele kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao kabla hawajaifikia. Wanaanguka bila kufika.

Watengenezaji wa Apollo 13 (1995) waliitumia kanuni hiyo hiyo. Badala ya kuwaning'iniza waigizaji kwa nyaya, waliwapandisha kwenye ndege ya NASA inayopaa na kushuka kwa mkunjo maalumu. Kila mzunguko uliwapa kuelea kwa sekunde kama 25, wakarudia mamia ya mara. Tazama nywele na vifaa vidogo katika filamu ile: mwendo wake hauna ile hali ya kuvutwa kutoka juu.

Ukanda wa asteroidi ni hatari kama unavyoonyeshwa?

Hapana. Mawe hayo yanayolizunguka jua ni mengi, lakini nafasi ni kubwa kupita kiasi. Chombo cha Pioneer 10 kiliuvuka kati ya mwaka 1972 na 1973 bila kukwepa chochote. Rubani hodari wa kwenye filamu angekuwa na kazi ngumu zaidi ya kulitafuta jiwe la kugongana nalo.

Filamu ipi imeiheshimu sayansi kuliko zote?

Siwezi kuitaja moja, ila zipo mbili ninazozirudia kila ninapoulizwa, na zote zina kasoro.

Interstellar (2014) ilikuwa na mshauri, mwanafizikia Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel. Aliwapa mafundi wa picha milinganyo halisi ya namna nuru inavyopinda karibu na shimo jeusi, mahali penye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki, nao wakaiandikia programu. Kazi hiyo ikazaa makala katika jarida la fizikia mwaka 2015. Lakini katika shimo jeusi halisi, gesi hulizunguka kwa kasi, na upande ambao gesi hiyo inatujia hung'aa kuliko upande ambao inatukimbia. Jambo hilo liliondolewa ili mtazamaji asichanganyikiwe. Picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli, lile la galaksi ya M87, ilipotolewa Aprili 2019, nililitafuta jambo hilo kwanza. Upande mmoja wa pete ulikuwa umeng'aa. Nilifurahi kama niliyepata barua.

The Martian (2015) inanipendeza kwa sababu shujaa wake hupiga hesabu hadharani, hukosea, na hesabu hiyo ndiyo inayokisukuma kisa. Kasoro iko mwanzoni kabisa: dhoruba inayoangusha vyombo. Hewa ya Mars ni nyepesi mno, mkandamizo wake haufiki 1% ya ule wa hewa yetu. Upepo wa kilomita 160 kwa saa huko ungekusukuma kama upepo wa kilomita 20 kwa saa hapa. Mwandishi wa kitabu alilijua hilo na amekiri waziwazi. Alihitaji kitu cha kumtenganisha shujaa na wenzake. Namheshimu zaidi kwa kukiri.

## Nyuma ya pazia

Watengenezaji huwauliza wanasayansi kweli?

Huwauliza, na si jambo jipya. Filamu ya Kijerumani Frau im Mond (1929) ilikuwa na mshauri Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa elimu ya roketi. Tangu mwaka 2008, Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kina mpango wa kuwakutanisha wanasayansi na watu wa sinema.

Ila mshauri hana kura. Hutoa maoni, mwongozaji huamua. Jina lake linapopita mwishoni, usidhani aliidhinisha kila kilichoonyeshwa. Mshauri mwenye busara hasemi "haiwezekani" akanyamaza. Husema "haiwezekani hivyo, lakini ingewezekana hivi," na mara nyingi hiyo ya pili huwa na mvuto zaidi.

Sinema imewahi kuifundisha sayansi kitu?

Ndiyo. Kuhesabu kinyumenyume kabla ya roketi kuruka kulionekana katika hiyo hiyo Frau im Mond, kwa ajili ya kuwaweka watazamaji roho juu, miaka mingi kabla ya roketi za kupeleka watu angani. Mfano wa pili ni makala ya shimo jeusi niliyoitaja katika sehemu ya angani.

Kosa likishatoka, linaweza kurekebishwa?

Mara chache. Mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson alilalamika kwamba nyota zinazoonekana juu ya mwanamke anayeelea baharini katika Titanic (1997) hazikuwa nyota za usiku ule wa Aprili 1912. Filamu ilipotolewa upya mwaka 2012, anga lilikuwa limebadilishwa. Wapo wanaosema ni kuhangaikia vitu vidogo. Mimi naona filamu iliyotafuta hadi muundo sahihi wa vyombo vya mezani inaweza kutafuta na nyota zake.

## Hospitali na upelelezi

Kwa nini unazikasirikia tamthilia za hospitali kuliko za anga?

Kwa sababu ya ile hoja ya pili katika jibu la kwanza. Mdogo wangu ni muuguzi. Tukitazama pamoja, mashine ikionyesha mstari mnyoofu na daktari akapaza sauti "ondokeni!" na kushtua kifua, yeye hugeuza uso. Mashine ya kushtua moyo haiwashi moyo uliozimika kabisa. Kazi yake ni kuuzima kwa muda moyo unaotetemeka bila mpangilio, ili mapigo ya kawaida yapate nafasi ya kurudi. Mstari ukiwa mnyoofu, hakuna cha kupanga upya. Kinachofanyika ni kukandamiza kifua na kutoa dawa ya adrenalini.

Tazama pia mikono. Mwigizaji hukunja viwiko na kupapasa kifua polepole, kwa sababu aliye chini yake ni mtu mzima wa afya, na kumkandamiza kweli kungemuumiza. Kwa mgonjwa halisi aliye mtu mzima, viwiko hunyooka, kifua hushuka sentimita 5 hadi 6, na mikandamizo huwa 100 hadi 120 kwa dakika. Mbavu zinaweza kuvunjika. Baada ya dakika mbili mwokoaji ametota jasho na anahitaji kupokezwa.

Wengi hupona kama inavyoonyeshwa?

Hapana. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohesabu matukio hayo kwenye vipindi vya televisheni vya Marekani: 75% ya wagonjwa walizinduka, na 67% walionekana kupona hadi kutoka hospitali. Nje ya skrini, moyo ukisimama mtu akiwa mbali na hospitali, hata kwenye nchi zenye magari ya dharura ya kisasa wanaorudi nyumbani ni kama 10 kati ya 100.

Nasisitiza: namba hiyo si sababu ya kukaa pembeni. Asiyekandamizwa kifua kabisa ana nafasi ndogo zaidi. Namba hii inamhusu yule aliyejaribu kumwokoa mtu akashindwa, na anabeba lawama isiyo yake kwa sababu kwenye tamthilia mgonjwa hukohoa na kufumbua macho.

Polisi wanaweza "kuikuza" picha ya kamera mpaka sura ionekane?

Picha ina pikseli zake, vile vitone vidogo vinavyoiunda, basi. Sura ikiwa imechukua pikseli kumi, taarifa iliyomo ni ya pikseli kumi. Programu za akili mnemba siku hizi hutoa picha safi kutoka kwenye ukungu, lakini zinabuni kilichokosekana kwa kufuata sura zilizofundishwa nazo. Mwaka 2020 programu moja ya aina hiyo ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa ikarudisha sura safi ya mzungu. Fikiria sura ile ikiwa mezani kwa hakimu.

## Wanyama, wa kale na wa leo

Dinosaria wanaweza kurudishwa kutokana na damu iliyo ndani ya mbu?

Wazo zuri kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwenye sinema, na haliwezekani. DNA huoza. Utafiti wa mwaka 2012 juu ya mifupa ya moa, ndege wakubwa waliotoweka New Zealand, ulikadiria kwamba katika mazingira yale nusu ya viungo vya DNA hukatika kila baada ya miaka 521. Baridi kali huchelewesha: DNA ya kale zaidi iliyosomwa, iliyotangazwa mwaka 2022 kutoka Greenland, ina miaka kama milioni 2. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Hata Velociraptor, dinosaria mwindaji wa filamu hiyo ya mbu, Jurassic Park, kwa kweli alikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 20, na mwaka 2007 watafiti walieleza vinundu kwenye mfupa wa mkono wake ambavyo ndivyo manyoya makubwa hushikilia. Filamu ilitoka mwaka 1993, kwa hiyo vinundu hivyo siidai. Lakini ukubwa wa mnyama ulijulikana, na bado filamu ilimkuza.

Angalau filamu za makala kuhusu wanyama ni za kweli?

Nyingi zimetengenezwa kwa uvumilivu wa ajabu, mpigapicha akikaa wiki nzima kusubiri sekunde kumi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Lenzi inayomwona mnyama kutoka mbali haiinasi sauti ya miguu yake. Sauti unayoisikia mara nyingi imetengenezwa studio. Mlio mkali wa tai wa Marekani kwenye filamu kwa kawaida ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa sauti ya tai mwenyewe ni nyembamba.

Hayo navumilia. Nisichokivumilia ni kama kilichofanyika katika White Wilderness (1958), filamu ya makala iliyopata tuzo ya Oscar. Panya wadogo wa kaskazini waitwao lemingi walionyeshwa wakijirusha baharini kwa wingi. Mwaka 1982 kipindi cha televisheni ya Kanada kilifichua kwamba wanyama hao waliletwa eneo ambalo si makazi yao, na wakasukumwa kutoka kwenye ukingo. Lemingi hawajiui. Bado nakutana na watu wasomi wanaotumia mfano huo kuelezea tabia ya binadamu.

## Magazeti na taarifa za habari

Habari ikisema kitu "kinaongeza hatari ya saratani kwa 18%", niogope?

Uliza kwanza: 18% ya ngapi? Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa 18%. Wengi walisikia kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Chukua kundi ambalo watu 5 kati ya 100 wangeugua maishani mwao hata hivyo. 18% ya watu 5 haifiki mtu mmoja. Kutoka 5 inakuwa takriban 6.

Vichwa vya habari pia viliiweka nyama hiyo daraja moja na sigara. Daraja lile hupima uhakika wa ushahidi kwamba kitu husababisha saratani. Halipimi kitu kinaua watu wangapi. Ni kama kusema mashahidi wawili wanaaminika sawasawa: mmoja ameona wizi wa kalamu, mwingine wa gari.

Kwa nini wanasayansi hubadilisha kauli kila mara?

Mara nyingi hawakutoa kauli. Habari ndiyo iliyowatolea. Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA walisema chembe za nyutrino zilizosafiri kama kilomita 730 kutoka maabara ya fizikia ya CERN hadi Italia zilionekana kuwahi nuru kwa nanosekunde 60. Waliwaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Vichwa vya habari vikasema Einstein, aliyefundisha kwamba hakuna kinachoupita mwendo wa nuru, ameanguka. Mwaka uliofuata kosa kubwa likapatikana: waya wa nuru haukuwa umekazwa vizuri kwenye kiunganishi. Kwangu kisa hicho ni sayansi ikienda inavyotakiwa, na ingefaa kiwe filamu.

Kwa nini vyombo vya habari visiwe vinatoa pande zote mbili?

Katika siasa, sawa. Katika ushahidi, upande mmoja unaweza kuwa na tafiti mia na mwingine mtu mmoja mwenye sauti nzuri. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu watoto 12, ambayo ilitumiwa kuunganisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Iliondolewa rasmi mwaka 2010. Katikati hapo wazazi walikuwa wakionyeshwa viti viwili vilivyolingana studio, na hakuna kiti kilichoandikwa kinawakilisha watafiti wangapi.

## Yenye utata

Filamu inayosema "kisa cha kweli" ina deni zaidi?

Ndiyo, kwa sababu mtazamaji ameombwa aamini. Hidden Figures (2016) inaonyesha mambo makubwa kwa usahihi: mwaka 1962 mwanaanga John Glenn aliomba kweli kwamba Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA, azihakiki hesabu za kompyuta kabla ya safari yake. Ila alizifanya siku kadhaa kabla, kwa siku moja na nusu, wala si dakika za mwisho. Na zile mbio za kwenda choo cha mbali kilichotengewa weusi, Johnson mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitumia choo cha karibu bila kuuliza. Nadhani ukweli huo, mwanamke anayefungua mlango uliokuwa umekatazwa kwa wenzake na kuendelea na kazi yake, ulikuwa na nguvu za kutosha.

Mtoto wangu ameamini kitu cha uongo kutoka kwenye filamu. Nimkatize?

Usimkatize katikati ya filamu. Ikiisha, muulize angejuaje kama ni kweli, kisha mfanye jaribio pamoja. La radi halihitaji kitu chochote, ila mkae ndani.

Wewe umewahi kukosea?

Nimekosea, na kosa moja nimelisema mbele za watu kwa miaka. Nilipokuwa nikieleza kwamba mtu halipuki angani, niliongeza kwamba badala yake huganda papo hapo. Nilikuwa nimelitoa kwenye filamu nyingine. Msichana mmoja wa sekondari aliniuliza: baridi hiyo inamfikiaje, kama hakuna hewa ya kulichukua joto lake?

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikasoma. Chupa ya chai huhifadhi joto kwa sababu kati ya kuta zake mbili hewa imeondolewa. Mtu aliye angani yuko ndani ya ombwe la namna hiyo. Unyevunyevu wa machoni na mdomoni hupoa haraka unapogeuka mvuke, lakini mwili wenyewe hupoteza joto kwa mnururisho tu, yaani kwa kutoa miale, na hilo huchukua saa nyingi. Yule fundi wa mwaka 1966 hakutaja baridi kama kumbukumbu yake ya mwisho. Alitaja mate.